Kimeamkaje leo?



Desemba iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti wa marehemu kaka yangu, ambaye yuko masomoni Stockholm, nchini Sweden. Aliandika hivi: "Shikamoo baba mdogo. Huku kabla ya saa tisa alasiri jua limeshazama. Naenda chuo gizani, narudi gizani. Nimenunua ua nimeliweka dirishani, angalau niwe na wa kumsalimia nikiamka."

Nilicheka. Huyu ni mtoto aliyekulia Shinyanga, ambako mwezi wa kumi jua linakukimbiza mpaka chini ya mwembe. Leo analililia jua! Lakini niliposoma ujumbe ule mara ya pili, kicheko kiliisha. Mtoto hakuwa akitania. Alikuwa akiniambia kwamba moyo wake umeingiwa na giza.

Nikaanza kuuliza. Kumbe jambo hili linajulikana sana huko kaskazini ya dunia. Majira ya baridi yanapofika mchana unakuwa mfupi mno, na ukienda mbali zaidi, mpaka mji wa Tromsø nchini Norway, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Watu wengi huko hulemewa na usingizi, uchovu na huzuni isiyo na sababu wanayoweza kuitaja. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliolipa tatizo hilo jina, na tangu hapo baadhi ya wagonjwa hutibiwa kwa kukaa kila asubuhi mbele ya taa yenye mwanga mkali. Watu wa kawaida nao wana njia zao. Ukipita mitaa ya Sweden wakati huo utaona madirisha yamepambwa kwa taa na vyungu vya maua. Nje kuna theluji na giza, ndani kuna jani moja la kijani.

Sisi huku hatuna majira hayo. Kwa hapa Shinyanga, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote katika mwaka haifiki nusu saa. Jua letu halichelewi kazini wala haliombi ruhusa. Je, basi ujumbe wa binti yule hautuhusu?

Unatuhusu, ndugu yangu. Na aliyenifundisha hivyo ni mama mmoja wa kanisa letu, mwenye mtoto mchimbaji.

Giza letu

Sisi wa ukanda huu wa dhahabu tunalo giza letu. Kuanzia Kahama hadi Geita, kila siku maelfu ya watu huteremka chini ya ardhi kutafuta riziki. Mtu anaingia kwenye duara alfajiri, na akitoka ni usiku. Au anaingia jioni, anatoka asubuhi, kisha anaziba dirisha na kulala mchana kutwa. Jua linawaka nje, lakini yeye anaweza kumaliza wiki nzima hajaliona vizuri. Hiyo si sawa na Desemba ya Stockholm?

Wengi tunakumbuka Novemba 2015, wachimbaji wadogo watano walipotolewa wakiwa hai kwenye machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilimshukuru Mungu. Lakini siku zile zilitukumbusha pia jinsi giza la huko chini lilivyo. Na wako wengine ambao shimo halikuwafukia, wanapanda juu kila siku kwa miguu yao wenyewe, lakini giza wanapanda nalo.

Kijana ninayemzungumzia ni mmoja wao. Alikuwa mwimba besi katika kwaya yetu kabla hajaenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita. Mwaka wa pili huko, ukuta wa shimo ulimwangukia rafiki yake wa karibu. Walimzika. Baada ya siku chache zamu zikaendelea, maana tumbo halijui matanga. Kijana akarudi shimoni, lakini hakuwa yule yule. Aliacha kwenda ibadani. Aliacha kula na wenzake. Chumba chake cha kupanga kilikuwa na dirisha moja dogo, naye akaliziba kwa mfuko wa sandarusi ili alale mchana. Hata siku ambazo hakuwa na zamu, hakuufungua.

Hapa lazima niungame jambo. Kijana yule alinipigia simu. Ilikuwa mwezi wa nane, mimi niko njiani kuwahi kikao cha ujenzi wa kanisa. Akasema, "Mzee, shikamoo. Mzee, mimi nimechoka." Nikamjibu kama tunavyojibu wengi wetu: "Marahaba. Kaza moyo, kijana. Omba sana, Mungu hamwachi mja wake." Nikamuaga, nikaingia kikaoni. Tulijadili bei ya mabati kwa saa mbili.

Baadaye sana aliniambia kwamba siku ile hakuwa amechoka kazi. Alikuwa amechoka kuishi.

Mama na kikopo

Baada yangu alimpigia mama yake. Mama hakutoa neno la kutia moyo hata moja. Alisikiliza sauti, akakata simu, na kesho yake asubuhi akapanda basi.

Alibeba unga, karanga na kikopo cha rangi kilichokwisha. Ndani ya kikopo alikuwa amepanda kitoto cha mshubiri, ule wengi wanaouita alovera, alichokichimbua nyuma ya jiko lake. Kikopo hicho alikipakata safari nzima, amekizungushia kanga.

Alikaa kwa mwanawe siku mbili. Alifua nguo. Alisonga ugali. Alimwacha alale. Kijana anasema mama hakumhubiria na wala hakumuuliza kwa nini haendi kanisani. Siku ya kuondoka alikiweka kikopo dirishani na kumwambia, "Mwanangu, hiki kitoto nakuachia. Kila ukirudi kutoka kazini kiangalie, halafu nipigie uniambie kimeamkaje."

Basi. Hayo tu.

Na kijana, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, akatii. Kila akitoka zamu alipiga simu. "Mama, shikamoo. Kimeamka salama." Au, "Leo naona jani moja limelegea." Simu hazikuzidi dakika mbili. Lakini zilikuwa za kila siku.

Msomaji wangu, umeelewa alichofanya mama yule? Angemuuliza mwanawe kila siku "Umeamkaje?", kijana angejibu "Salama tu, mama," kama tunavyojibu sote hata tukiwa tunazama. Wanaume wa machimboni hawajazoea kusema moyo unauma. Kwa hiyo mama aliuliza habari za mshubiri, akisikiliza habari za mtoto wake. Siku jani lilipolegea, alijua ni jani gani hasa lililolegea.

Haikwenda vizuri moja kwa moja. Kijana kwa kuogopa kisije kikamfia alikimwagilia maji asubuhi na jioni. Baada ya wiki chache shina likaoza, kikaanguka. Siku hiyo alimpigia mama yake akilia kama mtoto mdogo. Anasema hakulia hivyo hata kwenye msiba wa rafiki yake. Machozi yote aliyoyafungia yalitoka siku hiyo kwa ajili ya kikopo.

Mama alimwacha alie. Alipotulia akamwambia, "Umekizamisha, baba. Mshubiri hautaki maji kila siku. Unataka mwanga. Nitakutumia kingine."

Kitoto cha pili kikaja kwa basi, kwa mkono wa kondakta. Safari hii kijana aliona kwamba majani yanapauka na kuinamia upande mmoja, upande ambao ufa mdogo wa mwanga ulipenya pembeni ya sandarusi. Mmea ulikuwa unalitafuta jua. Akausimamia pale kwa muda. Kisha akaing'oa misumari na kuuondoa mfuko ule dirishani.

Nilidhani maua ya ndani yanaleta mwanga ndani ya nyumba. Sivyo. Mmea hauleti mwanga, mmea unadai mwanga. Mtu mwenye huzuni anaweza kukaa gizani mwezi mzima kwa sababu haoni kama yeye mwenyewe anastahili dirisha lifunguliwe. Lakini atalifungua kwa ajili ya kiumbe kinachomtegemea. Na dirisha likishafunguliwa kwa ajili ya mshubiri, jua halichagui. Linamwangaza na yeye.

Mungu na watu waliokaa chini ya mti

Habari hii ilinirudisha kwenye Biblia, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka mingi ya kusoma. Mara mbili katika Agano la Kale mtumishi wa Mungu anaomba afe huku kuna mmea karibu yake.

Wa kwanza ni Elia (1 Wafalme 19:4-8). Ametoka tu kushinda pale Karmeli, lakini amekimbia nyikani, ameketi chini ya mretemu, anamwambia Mungu kwamba inatosha. Mungu anafanya nini? Hamkemei. Anamwacha alale. Malaika anamletea mkate na maji. Analala tena, analetewa tena. Safari ya Horebu inakuja baadaye, na sauti ya Mungu inakuja baadaye zaidi. Kwanza usingizi, chakula na maji. Mama yule wa Shinyanga hakusomea theolojia, lakini alifanya vile vile alivyofanya malaika.

Wa pili ni Yona (Yona 4:5-11). Ameketi nje ya Ninawi, ana hasira na huzuni. Mungu anauotesha mmea umpe kivuli, na Yona anaufurahia sana. Kesho yake mmea unaliwa na mdudu, upepo wa joto unavuma, na Yona anataka kufa. Ndipo Mungu anamuuliza swali linalofunga kitabu. Kwa maneno yangu ni hivi: wewe umeuhurumia mmea ambao hukuupanda wala hukuukuza, je, mimi nisiwahurumie watu wa mji huu mkubwa?

Angalia, Mungu hamwambii Yona kwamba ni upumbavu kuupenda mmea. Anaanzia pale pale kwenye mapenzi hayo madogo, anayavuta mpaka yawafikie watu. Ndiyo maana maua yetu yasiishie dirishani. Ukiweza kujua kwamba jani la mshubiri wako limebadilika rangi tangu juzi, unaweza pia kujua kwamba jirani yako wa kwenye benchi amebadilika sauti tangu Pasaka.

Visiki vilivyo hai

Sisi wa Shinyanga tuna sababu nyingine ya kuliamini jambo hili. Wazee wetu waliona nchi hii ikikatwa miti kwa miaka mingi, tangu enzi za mkoloni. Ilikatwa kupambana na mbung'o, ikakatwa kupata mashamba ya pamba, ikakatwa kwa kuni na mkaa. Kufika miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Kiangazi kilipoingia, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, macho hayakuwa na mahali pa kupumzikia. Ni vumbi na ng'ombe waliokonda. Hilo nalo lilikuwa majira ya giza, ingawa jua liliwaka.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI, uliofanya kazi mpaka mwaka 2004. Miche ilipandwa, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya ukijani uliorudi haikutokana na miche. Ilitokana na ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike wakati wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Maeneo yalipotengwa na kulindwa, visiki ambavyo kila mtu alidhani vimekufa vilianza kuchipua. Mizizi ilikuwa hai muda wote. Mwanzoni mwa mradi ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipokwisha zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000.

Ayubu, katikati ya mateso yake, aliusema ukweli huo huo: mti uliokatwa bado una tumaini, maana hata shina lake likionekana kufa udongoni, ukisikia tu harufu ya maji utachipua (Ayubu 14:7-9). Ayubu aliyasema hayo kwa uchungu, akiona kwamba mti una tumaini kuliko mwanadamu. Sisi tunaoliamini kaburi lililo wazi tunajua kwamba mwanadamu naye hakuachwa bila tumaini.

Kwa hiyo usiwe mwepesi wa kumng'oa mtu. Yule aliyeacha kuja kanisani, anayejibu kwa neno moja, ambaye hapokei simu, huenda ni kisiki kilicho hai. Pengine hahitaji mahubiri mengine. Anahitaji mtu azungushe uzio, azuie ng'ombe wasimkanyage, na angoje.

Lakini tusidanganyane

Nisije nikaeleweka vibaya. Mshubiri kwenye kopo si dawa ya sonona. Sonona ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa, na unatibika. Mama yule alilijua hilo. Kijana alipokuja nyumbani likizo alimsindikiza hospitalini, akaonana na daktari, akapewa matibabu na mtu wa kuzungumza naye. Kikopo kilimfanya aishi mpaka afike kwa daktari. Hiyo ndiyo kazi yake, na si kazi ndogo.

Ukiona wewe mwenyewe, au mtu wako, amefika mahali pa kusema kwamba ni afadhali kufa, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo. Nenda kituo cha afya leo. Usimwache peke yake. Wala asikudanganye mtu kwamba kufanya hivyo ni kukosa imani. Elia hakukosa imani. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari mmoja wa kufurahisha mwishoni, na bado Mungu aliiweka katika kitabu cha sala zetu. Anapokea hata sala ya aliye gizani.

Kijana yule bado yuko machimboni. Huzuni haijamwisha yote, anasema huja na kuondoka kama mawingu. Lakini dirisha lake liko wazi, na vikopo sasa ni sita. Mshubiri ukitunzwa huzaa vitoto pembeni, naye huvitenga na kuwapelekea wenzake wa vyumba vya jirani. Masharti ni yale yale: "Ukirudi kazini niambie kimeamkaje."

Mimi nilikwenda kumuomba radhi. Alinikaribisha chai, akanipa kikopo kimoja. Kiko dirishani kwangu hapa ninapoandika. Picha yake nilimtumia pia binti yetu kule Stockholm, na tangu siku hiyo tumekubaliana: kila Jumamosi yeye ananiambia habari za ua lake, mimi namwambia habari za mshubiri wangu. Sasa najua ninachosikiliza.

Wiki hii, mpendwa, nakuomba mambo mawili. Panda kitu. Ndoo iliyotoboka, sado la zamani, kopo la rangi, vyote vinafaa. Kiweke mahali ambapo itakubidi ufungue pazia. Kisha tafuta mtu mmoja, yule ambaye jina lake limekujia ulipokuwa ukisoma, umpigie simu. Usimpigie ukiwa njiani kwenda kikaoni. Keti kwanza.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyemwotesha Yona kivuli na kumwandalia Elia mkate, wakumbuke walio gizani leo: walio chini ya ardhi, walio nchi za mbali, na walio kati yetu kanisani wakitabasamu. Utupe masikio ya mama yule. Utufundishe kungoja penye kisiki. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyetoka kaburini asubuhi, bustanini. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.